Pikipiki kuukuu: Kwa nini cheti cha ukaguzi pekee hakitoshi

PIKIPIKI ya bodaboda iliyonunuliwa ikiwa mpya miaka minne iliyopita yaweza kuwa imesafiri umbali ambao gari la kibinafsi huumaliza kwa miaka 15. Hesabu yake si ngumu. Ikichukuliwa kwamba mwendeshaji huenda kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni kilomita 45,000 kila mwaka na kilomita 180,000 kwa miaka minne. Gari la karani linaloenda kazini na kurudi, likitembea kilomita 12,000 kwa mwaka, litahitaji miaka 15 kufika hapo.

Hata hivyo, kwenye hati za umiliki vyombo hivi viwili hupimwa umri kwa kipimo kimoja tu, yaani mwaka wa kutengenezwa.

Mjadala kuhusu ukaguzi ulichacha nchini mwaka 2025, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) ilipotoa rasimu ya kanuni mpya ili wananchi watoe maoni. Pendekezo lililozua kelele zaidi ni la kuyapeleka kwenye ukaguzi magari ya kibinafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne, mzigo ambao kwa muda mrefu umewaelemea hasa wenye matatu, teksi na malori. Wengi walijadili ada na foleni. Ni wachache waliouliza swali zito zaidi: ukaguzi wenyewe unaaminika kwa kiasi gani, hasa mbele ya pikipiki iliyochakaa?

Swali hilo lina uzito kwa sababu cheti hutegemewa na watu wengi ambao hawakuwapo siku kilipotolewa. Kampuni ya bima hukihesabu inapopima hatari ya kumkatia mteja bima. Afisa wa trafiki hukitazama kwenye kizuizi cha barabarani. Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika hukichukulia kuwa thibitisho kwamba hauziwi mbuzi kwenye gunia. Abiria naye, ingawa hajawahi kukitia machoni, hukaa nyuma ya mwendeshaji akiamini kwamba kuna mtu aliyekwisha kutazama.

Cheti, kwa kweli, husema jambo dogo sana. Husema kwamba saa fulani ya siku fulani chombo kilifikia kiwango cha chini kinachokubalika. Uingereza, iliyoanzisha ukaguzi wa lazima mwaka 1960 na kwa hivyo ina uzoefu wa zaidi ya miongo sita, huwaeleza wananchi wake waziwazi kwamba kufaulu ukaguzi hakumaanishi kwamba chombo kitakuwa salama kwa muda wote ambao cheti hakijaisha. Huwaeleza pia jambo la pili ambalo aghalabu husahauliwa: mkaguzi hutazama bila kufungua. Hang'oi gurudumu, wala hafungui kifuniko cha injini.

Kwa pikipiki kuukuu, sharti hilo la kutofungua ndilo chanzo cha shaka nyingi.

Pikipiki nyingi za bodaboda nchini ni za injini ya 100cc hadi 150cc, na gurudumu la nyuma, mara nyingi hata la mbele, hutumia breki za ngoma. Ndani ya ngoma hiyo mna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vikiwa vimebandikwa utando mgumu ambao mafundi huuita lainingi. Mwendeshaji akikanyaga pedali, mkono mdogo ulio nje ya gurudumu huzungusha kijiti kinachovisukuma vipande hivyo viguse ukuta wa ngoma, na mwendo hupungua. Lainingi hulika kidogo kidogo. Inapolika, mwendeshaji hukaza nati iliyo mwishoni mwa ufito wa breki, na pedali ikarudi pale pale ilipokuwa.

Mtego uko hapo. Pikipiki ambayo lainingi yake imebaki na unene wa ganda la yai yaweza kupita jaribio la breki bila tatizo, maadamu nati ilikazwa asubuhi ile. Wiki tatu baadaye, kwenye mteremko wenye matope, chuma hugusa chuma. Watengenezaji wengi wameweka dawa yake nje ya gurudumu: mshale mdogo kwenye mkono wa breki, na alama kwenye sahani inayofunika ngoma. Breki ikikanyagwa na mshale ukaifikia alama, lainingi imekwisha. Lakini katika baadhi ya pikipiki mkono huo waweza kuchomolewa kwa spana moja na kurudishwa ukiwa umerukishwa jino moja au mawili, ili lainingi iliyokwisha isukumwe mbali zaidi. Tangu siku hiyo mshale hausemi kweli tena, na mkaguzi anayeutegemea hudanganywa bila hata kujua.

Kuna kipande kingine ambacho hata waendeshaji wa miaka mingi hawakijali. Ni chuma kinachoishikilia sahani ya breki ya nyuma isizunguke pamoja na gurudumu. Chuma hicho hufungwa kwa boliti na nati, na nati hulindwa na kipini ambacho bei yake haifiki ya kikombe cha chai. Gurudumu linapofunguliwa kando ya barabara ili pancha izibwe, kipini hicho hupotea vumbini na mahali pake hutiwa kipande cha waya, au hapatiwi kitu. Nati ikilegea na kuanguka, sahani itazunguka siku breki itakapokanyagwa kwa nguvu, ufito utajikunja na gurudumu litajifunga ghafla. Mkaguzi anayeinama na tochi hukiona kasoro hiyo kwa nusu dakika. Anayejaza fomu akiwa amesimama hawezi kukiona.

Kwa hivyo kabla ya kuulizwa kama ukaguzi unaaminika, yafaa iulizwe ni ukaguzi gani. Ule wa taa, honi, vioo vya pembeni na indiketa huchukua dakika chache na hauna utata: taa huwaka au haiwaki. Lakini hizo si sehemu zinazotofautisha pikipiki mpya na kuukuu. Taa iliyoungua hubadilishwa siku hiyo hiyo. Kinachozeeka ni chuma, mpira na maungio.

Fremu ndiyo ngumu kuliko zote. Chuma hakichoki kwa siku moja. Kila mara pikipiki inapoingia shimoni, maungio hupinda kwa kiasi kisichoonekana kisha yakarudi. Baada ya mipindo mingi isiyohesabika, ufa mwembamba kama unywele huanza, kwa kawaida pembeni mwa mahali palipochomelewa: chini ya shingo ya usukani, karibu na boliti ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma, au pale kibebeo cha mizigo kinaposhikana na fremu. Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2012, huruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Kila Mkenya anajua kinachotendeka barabarani: abiria wawili au watatu, mitungi ya gesi, magunia ya viazi, makochi, na wakati mwingine jeneza. Kibebeo hurefushwa kwa vyuma vya jua kali ili kupokea mzigo, na uzito wote huning'inia nyuma ya ekseli, mahali ambapo mbunifu wa fremu hakukusudia.

Siku ya ukaguzi pikipiki hupelekwa tupu.

Ufa wa fremu hujificha chini ya vumbi, grisi na rangi. Ndiyo maana fundi mzoefu huitilia shaka zaidi rangi mpya juu ya fremu kuukuu kuliko kutu ya kawaida. Dalili anayoitafuta ni mstari mwembamba wa rangi ya machungwa unaochuruzika kutoka kwenye rangi iliyopasuka. Hapo maji yameingia ndani ya ufa. Ufa uliochomelewa nao hauwi mzima kwa sababu tu hauonekani. Moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kilicho jirani, na mara nyingi ufa wa pili hujitokeza kando kidogo tu ya ule wa kwanza. Hakuna mashine ya breki wala ya taa inayoweza kugundua hilo. Ni jicho, tochi, kitambaa cha kufutia grisi na muda, na muda ndio haba zaidi katika kituo chenye foleni.

Shingo ya usukani na beringi za magurudumu ni rahisi zaidi, ilimradi gurudumu liinuliwe. Pikipiki ikisimamishwa kwa stendi ya kati na gurudumu la mbele likiwa hewani, mkaguzi huzishika nguzo mbili za mbele na kuzisukuma mbele na nyuma. Zikigonga, beringi zimelegea. Kisha huuzungusha usukani polepole kushoto na kulia. Ukinasa katikati kana kwamba umeingia kwenye kishimo, beringi zimekwisha kuchimba njia yake, na pikipiki hiyo haitakwenda sawa barabarani. Spoku nazo hugongwa kwa spana moja baada ya nyingine: iliyokaza hulia kama kengele, iliyolegea hutoa sauti ya kopo. Ni majaribio ya dakika tano ambayo hayahitaji umeme.

Matairi yangepaswa kuwa sehemu isiyo na ubishi. Uingereza hutaka mitaro ya tairi la pikipiki iwe na kina kisichopungua milimita 1 katika robo tatu ya upana wake. Lakini kina cha mitaro si umri wa mpira. Kwenye ubavu wa matairi mengi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka mingi hukauka na kuwa gumu, likashika lami ya mvua vibaya hata kama mitaro yake ingali mirefu. Mkaguzi mwenye kipimo cha kina hulipitisha. Mwenye kusoma tarakimu husita.

Tairi, tena, ni sehemu inayoazimika. Si siri miongoni mwa mafundi kwamba chombo chaweza kwenda kukaguliwa kikiwa kimevaa vitu vya wenyewe: tairi la rafiki, vioo vya jirani, hata gurudumu zima. Jioni kila kitu hurudi kwa mwenyewe na cheti hubaki na asiyestahili. Udanganyifu huu haumhitaji mkaguzi mla rushwa. Mkaguzi mwaminifu kabisa aweza kutoa cheti sahihi kwa pikipiki ambayo kesho haitakuwapo.

Suala la spea bandia halina haja ya maneno mengi. Lainingi na cheni hafifu hufanana na za kampuni zikiwa mpya, na tofauti hujulikana baada ya wiki kadhaa za kazi. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauna njia ya kuzitambua.

Wapo wanaopinga ukaguzi wa pikipiki kwa hoja yenye nguvu, na haifai kuipuuza. Mwaka 1981 ripoti iliyoongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali 900 hivi za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Hitilafu za chombo zilisababisha chini ya asilimia 3 ya ajali hizo, na nyingi kati ya hizo chache zilitokana na pancha. Utafiti wa Ulaya ujulikanao kama MAIDS, uliochunguza ajali 921 katika Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uholanzi na Uhispania, uliona hitilafu za chombo kuwa chanzo kikuu katika chini ya asilimia 1. Makosa ya binadamu, hasa ya dereva wa gari asiyemwona mwenye pikipiki, ndiyo yaliyotawala.

Ni hoja iliyowapa nguvu waendesha pikipiki wa Ufaransa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2014 agizo lililozitaka nchi wanachama kukagua pikipiki za zaidi ya 125cc kuanzia Januari 1, 2022, ingawa liliziruhusu kujiondoa zikionyesha kwamba zina hatua nyingine za kupunguza ajali. Wafaransa waliandamana, serikali ikasitasita, hadi Oktoba 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilipoikatalia kukwepa agizo hilo. Ukaguzi ulianza Aprili 15, 2024. Ujerumani haikuhitaji kusukumwa. Hukagua kila baada ya miaka 2.

Lakini takwimu za Los Angeles na za Ulaya zinahusu pikipiki za aina nyingine ya maisha. Nyingi ni za mtu mmoja, za kwenda kazini au kujifurahisha, zenye kilomita chache kwa mwaka na zinazotunzwa katika gereji zenye vifaa. Kuzihamisha takwimu hizo hadi Bungoma au Kitui, kwa pikipiki inayobeba watu kutoka alfajiri hadi usiku kwenye barabara za changarawe, ni kulinganisha vitu visivyolingana. Isitoshe, breki dhaifu haihesabiki kwa urahisi kuwa chanzo cha ajali. Mwendeshaji aliyeshindwa kusimama mbele ya mtoto anayevuka huandikwa kuwa alikuwa na kasi kupita kiasi, na pengine ni kweli. Kama lainingi ingekuwa nzima angesimama mita tano kabla, hilo halimo katika kitabu cha polisi.

Uingereza yenyewe ina sheria inayoonyesha jinsi neno kuukuu linavyopotosha. Tangu Mei 2018 vyombo vyenye zaidi ya miaka 40 ambavyo havijabadilishwa umbo havilazimiki kukaguliwa, pikipiki zikiwemo. Mtu wa kawaida angeshangaa: iweje kizee kiachwe na kijana akaguliwe? Sababu ni kwamba pikipiki ya miaka 40 nchini humo kwa kawaida ni kipenzi cha mwenyewe, hutolewa siku za jua na kufunikwa shuka jioni. Ni kuukuu kwa kalenda, si kwa kazi. Bodaboda ni kinyume chake, changa kwa kalenda na kuukuu kwa kilomita.

Kutokana na hayo, kanuni inayohesabu miaka pekee haiwezi kuipima pikipiki ya biashara ipasavyo. Chombo kinachokwenda kilomita 45,000 kwa mwaka kikikaguliwa mara moja kwa mwaka, kimekaguliwa mara moja kwa umbali unaozidi kuizunguka dunia kwenye ikweta. Lainingi na cheni za pikipiki hiyo zitakuwa zimebadilishwa zaidi ya mara moja kabla ya ukaguzi unaofuata, na hakuna atakayejua zilibadilishwa na nani wala kwa spea gani. Hapa Uingereza ina jambo la kuigwa: kilomita za chombo huandikwa katika kila ukaguzi, na mtu yeyote mwenye nambari ya usajili aweza kuisoma historia hiyo kwenye mtandao bila malipo, pamoja na kasoro zilizoonekana. Mnunuzi huona mwaka ambao chombo kilifeli na kwa sababu gani.

Kwa bodaboda mpango kama huo ungekumbana na kikwazo kimoja kidogo cha aibu. Mita ya kilomita huendeshwa na waya kutoka gurudumu la mbele katika pikipiki nyingi za kawaida, na waya huo ukikatika, aghalabu haurudishwi. Ukaguzi usiosisitiza mita inayofanya kazi hauwezi kamwe kujua umri wa kweli wa kinachokaguliwa. Waya wa mita ni spea ya bei nafuu, na kuuweka miongoni mwa sababu za kufelisha pikipiki kungeupa ukaguzi maana kuliko kuongeza ada.

Upo pia wajibu ambao hauna uhusiano wowote na cheti. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hukataza kuendesha barabarani chombo ambacho hali yake yaweza kuhatarisha watu, kiwe kimekaguliwa jana au hakijawahi kukaguliwa. Mwendeshaji aliyesababisha ajali kwa breki mbovu hawezi kujitetea kwa kutoa karatasi ya miezi minane iliyopita.

Vyama vya waendeshaji kwenye steji, ambavyo tayari huandikisha wanachama na kutoza michango ya kila siku, vina nafasi ambayo kituo cha ukaguzi hakina. Huiona pikipiki kila asubuhi, ikiwa na matairi yake yenyewe. Kuinua gurudumu la mbele, kutazama mshale wa breki pedali ikikanyagwa, kugusa kipini cha chuma cha sahani, kugonga spoku na kupima cheni, ambayo kwa pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3 hivi, ni kazi ya robo saa mara moja kwa wiki. Matokeo yakiandikwa kwenye daftari la steji pamoja na kilomita za siku hiyo, mnunuzi wa pikipiki hiyo mwaka ujao atakuwa na kitu cha kusoma kando ya cheti.

Asiyepata daftari kama hilo yampasa kwenda na fundi wake, mchana, akiwa na tochi na kitambaa, na kuomba gurudumu la nyuma lifunguliwe kabla ya kutoa pesa. Aanze kwa kulinganisha nambari ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye hati ya umiliki, kwa kuwa pikipiki iliyofanya kazi miaka mingi yaweza kuwa imebadilishwa injini bila mabadiliko hayo kusajiliwa. Muuzaji akikataa gurudumu lisifunguliwe, kwa madai kwamba pikipiki ina cheti, mnunuzi amekwisha kupata jibu alilolifuata.